Madam wa Stenlesi

Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Ukimsalimia kwa mara ya kwanza ungedhani umevimba, lakini wakati huo haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa mkono wa mtu aliyesugua sufuria na kuinua vikaango vizito maisha yake yote. Sisi majirani zake wa Kiminini tulimwita Madam, kama wanafunzi wake walivyomwita, na akiwa hayupo wengine waliongeza "wa Stenlesi". Alijua. Hakuonekana kujali.

Alifundisha upishi na mambo ya nyumbani katika shule za wasichana, kwanza upande wa Bungoma, halafu Kitale, mpaka wanafunzi wa somo hilo wakapungua na yeye naye akafikia umri wa kustaafu. Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Mimi ni fundi wa nguo, nilikuja kuolewa kwenye boma lililopakana na lake, na kilichotutenganisha kilikuwa ua wa michongoma ambao mbuzi walishautoboa. Lakini mtu hakuhitaji kukaa darasani ili Madam amfundishe. Ilitosha kukaa karibu.

Alikuwa na tabia moja iliyotutesa. Akiingia jikoni kwako, hata kama amekuja kukupa habari ya msiba, mkono wake ulienda kwenye sufuria iliyo karibu, akaipindua, akaangalia chini yake. Hakusema kitu. Aliangalia masizi, akairudisha mahali pake, akaendelea na habari iliyomleta. Wanawake wa pale walikuwa wakimwona kwa mbali wanatuma mtoto akazifiche sufuria nyuma ya nyumba. Mama mkwe wangu, ambaye hakumwogopa mtu, alimwambia siku moja, "Madam, hiyo sufuria iko na shida gani? Si uongee tujue." Madam akamjibu, "Haina shida, mama. Imechoka tu." Na kweli ilikuwa imechoka. Tulikuwa tumechoka wote katika nyumba ile.

Jikoni kwake kulikuwa na vikaango vinne vya stenlesi, chuma cheupe kisichoshika kutu, vilivyoning'inizwa kwenye misumari, kutoka kidogo hadi kikubwa, vyote vyenye kitako kinene. Asubuhi jua likipita dirishani vilikuwa vinang'aa mpaka ukutani. Watu walidhani hapiki na kitu kingine, lakini haikuwa hivyo. Ugali aliusonga kwenye sufuria ya alumini nyeusi kama zetu, imebonyea ubavuni, na ukimuuliza alishangaa. "Ugali haukuombi kitu kingine," alisema. Stenlesi ilikuwa ya kukaanga: samaki, nyama, vitunguu, mayai. Hasa mayai. Aliamini mtu anajulikana kwa namna anavyokaanga yai.

Alinifundisha siku aliyonikuta nalia mbele ya jiko. Sikuwa nalia kwa sababu ya yai, ingawa yai lilikuwa limeshika na kuungua. Mtoto wangu wa kwanza, Nekesa, alikuwa hajalala kwa homa, mama mkwe alikuwa anataka uji, na nilikuwa na sare za shule ambazo wenyewe walikuwa wamesimama mlangoni kuzingoja. Madam alinitoa pale kwa bega. Akanawa mikono. Akatuma kikaango chake kiletwe, akakiweka motoni kikiwa kitupu, akangoja. Kisha akanyunyiza maji kwa vidole.

"Unaona? Yanalia, yanakauka. Bado."

Akangoja tena. Akanyunyiza tena. Safari hii matone yalijikunja yakawa kama shanga, yakakimbia huku na huku juu ya chuma bila kukauka.

"Sasa mafuta. Sasa yai. Na sasa, Mama Nekesa, toa mkono."

"Litashika, Madam."

"Limeshashika. Wacha lishike. Likiiva litaachia lenyewe."

Tukasimama tukiliangalia. Nilitaka sana kulichokonoa. Baada ya muda alitikisa kikaango na yai likateleza kama lililowekwa juu ya sabuni. Akalimimina kwenye sahani, akanipa mimi, si mtoto wala mama mkwe. "Kula," akasema, kisha akatoka nje kabla sijatia kitu mdomoni. Alikuwa hivyo. Hakupenda kuangalia watu wakila chakula chake.

Maneno yake mengi yalihusu haraka. Chakula kikishika, alisema kosa si la chombo, ni la haraka yako. Nilikuja kuona kwamba maneno hayo ni rahisi kwa mtu mwenye muda. Nilinunua kikaango cha stenlesi Kitale, chenye kitako chembamba kwa sababu ndicho nilichoweza, na kwa mwaka mzima nilikula mayai yaliyochanika. Jioni nilikiloweka, asubuhi nikakisugua kwa majivu na waya, nikaenda kwenye cherehani vidole vimekauka. Mume wangu alisema heri turudi kwa yai la kuchemsha. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana na mtu juu ya yai.

Watu walisema anapenda sufuria kuliko binadamu. Neno hilo lilitokana na mazishi tuliyoyaendea kijiji cha Ndalu. Rafiki yake, mwalimu mwenzake, alikuwa amefiwa na mume, na tulienda akina mama wengi kutoka Kiminini. Tulipofika, sisi wengine tuliingia ndani kumpa pole mjane. Madam alipitia nyuma ya nyumba, penye sufuria kubwa za kupikia wageni, zikiwa zimeganda ukoko wa ugali wa tangu jana. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akainama. Alisugua mpaka jioni. Hakuingia kumsalimia mjane hata kidogo, na waliokuwa pale waliona, wakaanza kuongea. Mimi nilimpelekea maji ya kunywa. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sufuria kubwa kuliko yeye, kichwa na mkono vimo ndani, na mabega yanatikisika. Nilidhani ni ile kazi ya kusugua. Alipotoa kichwa, uso ulikuwa umelowa.

"Mimi sijui kuongea na mtu aliyefiwa," akaniambia. "Hii najua."

Akanywa maji, akarudisha kichwa ndani ya sufuria. Nilimsikia mjane baadaye akisema ni Madam peke yake aliyemsaidia siku ile, kwa sababu wengine wote walikuja kukaa. Lakini neno la kwanza lilikuwa limeshatoka, na watu hawakulirudisha.

Wakati fulani maduka ya Kitale yalijaa vikaango vya nonstiki, vyeusi ndani, vya rangi nyekundu na kijani nje. Kila harusi ilivipokea. Mimi mwenyewe shangazi yangu aliniletea kimoja, na nikakipenda kuliko nilivyoweza kusema mbele ya Madam. Yai liliteleza bila maarifa yoyote. Kukiosha ilikuwa ni kupitisha kitambaa tu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na muda wa kukaa chini baada ya chakula cha jioni, nikashangaa kwamba muda huo ulikuwepo duniani.

Kisha akina mama wa kanisa wakamwomba Madam aje kutufundisha kuchagua vyombo vya jikoni. Alikuja na mfuko. Akatoa kikaango cha nonstiki alichoazima kwa mtu, kilichokwaruzwa na uma na kijiko mpaka chuma cheupe kikaonekana katikati. Akakiinua juu, akakizungusha ili kila mtu aone.

"Huu weusi wa hapa katikati umeenda wapi?" akauliza.

Akakisogeza karibu na safu ya mbele.

"Nani amekuwa akipikiwa kwa hiki?"

Mwenye kikaango akainamisha kichwa. Akasema ni watoto wake.

"Basi waulize watoto wako weusi umeenda wapi."

Ukumbi ulinyamaza. Sijawahi kuona akina mama wamenyamaza vile, hata wakati wa maombi. Wiki iliyofuata ukipita Kiminini uliona vikaango vya nonstiki vikiwa vyombo vya maji ya kuku na chakula cha mbwa. Changu nacho kilienda kwa kuku. Kilikuwa hakina mkwaruzo hata mmoja. Nilirudi kwenye majivu na waya, na kile kimuda changu cha jioni kikapotea.

Mume wake tulimwita Mzee. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa kutoka Bungoma ndani kabisa, aliyeongea polepole na kuchanganya herufi kama wazee wa kwao. Mchana alikaa na redio karibu na ua. Alikula kila alichopikiwa na akasifu kila alichokula, na sidhani nilimsikia akiomba chakula fulani mpaka alipougua. Daktari wa Kitale alisema ni moyo na presha, akakataza chumvi, akakataza mafuta. Madam akabadilisha nyumba siku hiyohiyo. Kila kitu kikawa cha kuchemsha. Vile vikaango vinne vikakaa ukutani vikiangaliana, kwa sababu stenlesi bila mafuta inashika kila kitu, na yeye alijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mzee akaanza kukonda. Alikuwa anakuja kwenye tundu la ua, mahali mbuzi walipotoboa, anasimama pale nikishona.

"Mama Nekesa, leo umepika nini?"

"Mayai na sukuma, Mzee."

"Ya kukaanga?"

"Ya kukaanga."

"Si unipatie kirogo tu. Mafuta kirogo. Madam hataona."

"Madam ataona, Mzee."

Alicheka, lakini alicheka kwa pumzi. "Ni kweri. Huyo ataona." Akarudi kwenye redio yake. Nilikuwa naumia kumnyima, na nilikuwa naogopa kumpa. Akaendelea kukonda mpaka shati likawa linamning'inia kama limeanikwa.

Siku moja nilikwenda kurudisha chujio lao. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa tu, nikausukuma. Madam alikuwa amesimama mbele ya gesi, moto umepunguzwa mpaka unaonekana kwa shida, na mbele yake kulikuwa na kikaango kidogo cha nonstiki, kipya, cheusi tititi. Ndani mlikuwa na yai moja bila tone la mafuta. Alikuwa ameshika mwiko wa mbao kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kitu cha kanisani. Hakushtuka.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga. "Madam, hiyo si ni—"

"Najua ni nini."

Tukasimama. Yai likaiva. Akaliinamisha, likateleza lenyewe kwenye sahani, na akalibeba mpaka sebuleni. Nilimsikia Mzee akisema, "Leo umenikumbuka." Kijiko kikagonga sahani. Madam akarudi, akapangusa kikaango kwa kitambaa laini, akakirudisha ndani ya gunia la maharagwe lililokuwa nyuma ya mlango, akalikunja mdomo.

"Hiyo ni mara ya kwanza amemaliza chakula tangu aende hospitali," akasema.

Ningepaswa kumhurumia. Badala yake nilienda nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Niliwaangalia kuku wangu wakinywa maji kwenye kikaango changu. Niliwaza jioni zote zile za kusugua. Kwa siku kadhaa nilimsalimia kwa mbali, na nikipita karibu na ua nilijifanya natazama upande wa pili.

Yeye ndiye aliyekuja. Alikuja mpaka kwenye cherehani, akasimama, na kwa mara ya kwanza hakupindua kitu chochote.

"Umenikasirikia."

"Hapana, Madam."

"Umenikasirikia, na uko na haki. Sikiliza. Nilichosema kanisani kilikuwa kweli. Kile kilikuwa kimekwaruzwa, na mtu asipikie kitu kilichoisha. Lakini sikusema kizima ni kibaya. Nyinyi mlisikia hivyo, nami nikawaacha msikie hivyo." Akashika ukingo wa meza ya cherehani. "Nilipenda vile mlinyamaza. Nimefundisha miaka mingi, na hakuna darasa lilinyamaza namna hiyo."

Mashine ilikuwa imesimama, mguu wangu uko juu ya pedali.

"Utawaambia akina mama?" nikamuuliza mwishowe.

"Sijui kama nitaweza," akasema, akarudi kwake kupitia tundu la mbuzi, akiinama kwa shida.

Kanisani hakusema. Mzee aliishi miezi mingi zaidi ya vile tulivyotarajia, na mwishoni alikuwa anakula yai lake kila asubuhi, na uso ulikuwa umejaa kidogo. Akafa kwenye kiti chake, redio ikiwa inaendelea. Tulimzika kwao Bungoma. Tuliporudi Kiminini na akina mama wakaanza kuja kumpa pole Madam, walikuta kitu jikoni. Kulikuwa na msumari wa tano ukutani, na kwenye msumari ule, sambamba na stenlesi zake nne, kilining'inia kile kikaango cheusi. Kila aliyeingia alikiona. Walikiangalia, wakaangaliana, wakaendelea kumenya viazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Madam naye alipita chini yake akibeba chai, hakuinua macho. Nilijua hapo ndipo alipowaambia.

Siku iliyofuata nilikitoa kikaango changu kwa kuku, nikakiosha. Kilikuwa kimeshaharibika. Nikakirudisha.

Baada ya Mzee, ule mkono mnene ulianza kumsaliti. Kiminini asubuhi huwa na baridi, na vidole vyake vilikuwa vinaamka vimejikunja, haviwezi kushika hata kifungo. Walisema ni ugonjwa wa viungo. Alipewa dawa, akaambiwa asiinue vitu vizito. Nikamwona akiinua kikaango kikubwa kwa mikono miwili, kisha kwa mikono miwili na tumbo. Nikamwambia, "Madam, si utumie kile kidogo cha Mzee. Ni chepesi." Akasema kile ni cha Mzee.

Nilisikia kishindo nikiwa kwangu. Hakukuwa na yowe, na ukimya huo ndio ulionitia woga. Nilipita ua hata sikuona michongoma iliponichana. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kikaango kikubwa kimepinduka, samaki wametawanyika, mafuta yamemwagikia mguu wa kushoto kuanzia kwenye kifundo mpaka vidoleni. Ngozi ilikuwa imeshaanza kubambuka.

"Zima gesi kwanza," akaniambia kwa sauti ileile ya darasani.

Nikazima. Nikamwagia maji ya baridi mguu wote, ndoo baada ya ndoo, huku nikiita watu. Alikuwa anatetemeka lakini anaangalia samaki. "Nilisikia mkono umekufa," akasema. "Nikauambia ushike, ukakataa." Gari la jirani likatupeleka hospitali Kitale. Njiani aliniuliza kama nimefunga mlango wa jikoni. Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika.

Mwanawe akaja kutoka Bungoma. Alikuwa amemwomba mama yake ahamie kwake mara nyingi, na mara zote Madam alikuwa na sababu. Safari hii alimsikiliza mpaka mwisho, mguu umefungwa bendeji nyeupe juu ya stuli.

"Nimechoka," akasema. "Nipeleke tu."

Siku ya kuondoka alivigawa vyombo. Alivigawa bila hotuba, kama mtu anayegawa majembe. Mimi alinipa kile kikubwa kilichomwunguza.

"Hakina kosa," akasema, akaona nakiangalia. "Ni mimi sikuwa na mkono."

Cha Mzee alikifunga kwenye leso, akakiweka kwenye mkoba wake wa mkononi.

Tulizungumza kwa simu mara chache. Hakuwa mtu wa simu, alizungumza kana kwamba mtu anasubiri kutumia laini. Maisha yangu nayo hayakusimama kunisubiri. Mama mkwe alilala kitandani mwaka mzima, nikampikia uji, nikamgeuza, nikamzika. Mume wangu akapata kazi Tongaren kwenye mashine ya kusaga, akawa anakuja mwisho wa wiki. Nekesa akamaliza masomo, akapata kazi Bungoma, akapanga chumba chake cha kwanza. Siku moja akanitumia picha mbili kwenye simu, kikaango kimoja kinachong'aa na kimoja cheusi. "Mum, stenlesi ama nonstiki? Niko dukani." Nilikaa na ile simu mkononi. Nilikuwa na majibu mengi, na kila moja lilinichosha. Nikamwambia asinunue bado.

Nilikuwa na sare za kupeleka Bungoma wiki ile. Nikaona nitafika kwa Madam.

Mke wa mwanawe alinifungulia. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu, bado amevaa viatu vya kazini. Aliniambia kwa sauti ya chini, tukiwa bado koridoni, "Ukiingia jikoni utaona nimeweka vyombo juu. Usinifikirie vibaya. Mama alisugua vikaango vyangu viwili vya nonstiki kwa waya mpaka vikawa vyeupe. Macho yake yamepungua, alidhani ni masizi. Sikumkasirikia. Niliona tu anaenda kwa moto na ule mkono, nikaogopa." Alikuwa mtu mzuri. Ungeweza kuuona usingizi machoni mwake.

Madam alikuwa kwenye baraza, kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Alikuwa amekuwa mdogo. Mikono yote miwili sasa ilikuwa sawa, imejikunja mapajani, na mguu wa kushoto ulikuwa na ngozi inayong'aa. Akanijua mara moja.

"Mama Nekesa. Umekonda."

"Ni kazi, Madam."

"Kazi haijawahi kuisha Kiminini."

Nikamwonyesha zile picha mbili. Nilidhani atafurahi. Aliishika simu mbali na macho, akaangalia moja, akaangalia nyingine, akanirudishia.

"Anakaa na nani?"

"Peke yake."

"Anatoka kazini saa ngapi?"

"Jioni kabisa. Anasimama siku nzima."

"Basi mwambie anunue ile ataweza kuosha siku amechoka. Siku hajachoka, zote ni nzuri." Akafunga macho kidogo. "Akinunua nyeusi, asiiache motoni ikiwa tupu, na atumie mwiko wa mbao. Ikianza kumenyuka aitupe, asiilie. Akinunua nyeupe, aipashe kwanza. Ni hayo tu, Mama Nekesa. Nilifundisha hayo tu miaka yote, nikayafanya yaonekane makubwa."

Nikamwambia hayakuwa madogo kwetu. Akatikisa kichwa.

"Nikwambie kitu? Sikupenda kupika. Nilipopangiwa kazi walinipa somo hilo kwa sababu hapakuwa na mwingine, na mimi ni mtu wa kufanya kitu vizuri nikishapewa. Nilifanya vizuri. Halafu mkanifanya mtu wa sufuria. Hata mwanangu akinipigia simu alikuwa ananiuliza wali unapikwaje. Hata wewe umekuja na sufuria kwa simu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Hakuna mtu ameniuliza kitu kingine."

Nilimtafutia swali, na aibu ikanishika kwa sababu halikuja upesi. Miaka yote ya ua mmoja. Mwishowe nikamuuliza alikutana wapi na Mzee.

Akageuza uso akaniangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile akakaa wima.

"Tongaren," akasema. "Nilikuwa nimepotea."

Akaanza kusimulia. Alikuwa mwalimu mpya, ametumwa kwenye shule asiyoijua, amevaa viatu vya mjini, na mahindi yalikuwa marefu kiasi kwamba haoni barabara. Akasikia mtu anaimba wimbo wa kanisa ndani ya shamba, anaimba vibaya sana, akaifuata ile sauti. Ilikuwa ya kijana mwembamba aliyekuwa anawabebea wapima mashamba mnyororo wao wa kupimia. Akamwuliza shule iko wapi. Kijana akamwambia hajui, lakini akaweka mnyororo wa watu chini, akatembea naye wakiitafuta, na wakuu wake wakabaki wanaita jina lake katika mahindi. "Alikuwa hajui njia hata kidogo," Madam akasema. "Alitupoteza zaidi. Tulifika jua limepinda. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa sitaki tufike."

Alikuwa anacheka. Sikuwa najua ana kicheko cha namna ile, cha chini, kinachoanzia tumboni. Nilipogeuka nilimwona mke wa mwanawe amesimama mlangoni, ameegemea fremu, kiatu kimoja mkononi. Hakuwa ameisikia habari hiyo kabla. Akaja akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama mkwe wake.

"Halafu wakamfukuza kazi?" akauliza.

"Ngoja," akasema Madam. "Ngoja nifike hapo."

Akaendelea. Alipitia njia ndefu, akarudi nyuma kusahihisha, akasahau jina la mto, akalikumbuka. Mwanawe akarudi kutoka kazini, akatukuta, akauliza tunakula nini, na hakuna aliyemjibu. Akaweka funguo mezani, akavuta kiti. Giza lilipoingia mke wake aliwasha taa ya baraza, akaleta chai iliyokuwa kwenye thermosi tangu mchana pamoja na mkate, na tukala hivyo hivyo, tukipitishiana kisu kimoja. Jikoni kulikuwa giza. Madam alikuwa bado yuko ndani ya mahindi.